Shahada bila kuacha kazi: historia iliyoanzia posta

Mwalimu wa sekondari mjini Songea anaweza leo kumaliza vipindi vyake mchana, kusahihisha madaftari, kulaza watoto, kisha akafungua simu na kuendelea na masomo yake ya shahada. Wengi huamini nafasi hiyo imeletwa na intaneti. Ukweli ni kwamba mtu mzima wa Afrika Mashariki alianza kusoma huku akiwa kazini zaidi ya miaka 50 iliyopita, kwa bahasha, stempu na redio ya betri.

Mbegu yenyewe ni ya zamani zaidi. Mwaka 1840 Mwingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa posta: mwanafunzi alifanya zoezi, akalituma, likarudi limesahihishwa. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kikafungua mitihani yake kwa watu ambao hawajawahi kukaa katika madarasa yake. Huko Afrika Kusini, chuo cha UNISA kiligeukia kufundisha kwa posta mwaka 1946, na kwa njia hiyo Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria mwaka 1989, akiwa bado mfungwa.

Bahasha zafika vijijini

Kwa Tanzania, wanaushirika walikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Kuanzia mwaka 1964 Kituo cha Elimu ya Ushirika mjini Moshi kilitumia masomo ya posta kuwafikia watendaji na wanachama wa vyama vya ushirika. Kenya nayo ilianzisha kitengo cha masomo ya posta mwaka 1967, chini ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, kikisaidiwa na vipindi vya redio ya taifa. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijitanua, na masomo kwa njia ya posta yakawa sehemu ya kazi zake.

Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleza, mgumu kuuishi. Karani wa wilayani alipokea kijitabu katika sanduku la posta la ofisi. Alisoma usiku kwa taa ya chemli, akajibu maswali ya mwisho wa somo, akatia majibu katika bahasha na kuipeleka posta. Mwalimu asiyemjua kwa sura alisahihisha kwa wino mwekundu na kuandika maelekezo pembeni. Masika yakikata barabara, bahasha ilikwama njiani, na somo likakwama nayo. Waliofika mwisho walikuwa na moyo wa chuma, na wengi waliishia njiani.

Walimu 45,000

Jaribio kubwa kuliko yote lilifuata Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE). Madarasa yalikuwa yanajaa, na vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa wakati. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapeleka shuleni kufundisha, na ikawasomesha wakiwa humo humo. Mchana walishika chaki. Saa nyingine walisoma vijitabu vya posta, wakasikiliza vipindi vya Redio Tanzania na kukutana na wakufunzi waliokuwa karibu nao. Mwishoni walikaa wiki chache chuoni kabla ya mtihani. Kati ya mwaka 1976 na katikati ya miaka ya 1980, takribani walimu 45,000 walipatikana kwa njia hiyo.

Wako waliowabeza, na jina la “walimu wa UPE” lilitamkwa mara nyingi kwa dharau. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Hao ndio waliofundisha kizazi kizima kusoma na kuandika katika vijiji ambavyo hakuna mwalimu mwingine aliyetaka kwenda. Tena walituachia somo ambalo hata leo hatujalizingatia vya kutosha: kijitabu na redio vilizaa matunda kwa sababu mkufunzi alikuwa karibu, na kwa sababu mwajiri, yaani serikali, alihesabu kusoma kuwa sehemu ya kazi.

Chuo kisicho na mabweni

Kwa Afrika Mashariki, shahada ilichelewa kidogo. Uingereza ilitangulia. Mwanasiasa Harold Wilson alilitoa wazo la chuo kikuu cha hewani mwaka 1963, Open University ikapata hati mwaka 1969 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971, bila kuwadai vyeti vya awali. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje mwaka 1986.

Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 kuanzisha Chuo Kikuu Huria, na chuo kikazinduliwa Januari 1994 kikiwa na wanafunzi 766. Makamu Mkuu wake wa kwanza alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Badala ya kumwita kila mtu Dar es Salaam, chuo kilifungua vituo mikoani. Pale mwanafunzi alijisajili, alichukua vitabu, alikutana na walimu kwa siku za ana kwa ana na kufanya mitihani. Mwalimu, polisi, muuguzi na ofisa wa benki walikaa chumba kimoja cha mtihani, kila mmoja akiwa ameomba ruhusa kwa bosi wake.

Intaneti ilikuja kuongeza kasi. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, mwambao wetu uliacha kutegemea satelaiti peke yake, iliyokuwa ghali na nzito. Mifumo ya kufundishia kama Moodle ikaanza kubeba kazi iliyokuwa ya bahasha: somo linapakuliwa, kazi inatumwa, maoni yanarudi siku hiyo hiyo. Agosti 2023 Kenya ikakipa hati Chuo Kikuu Huria chake, chenye makao Konza na kilichojengwa tangu mwanzo kufundisha mtandaoni.

Deni la waajiri

Barabara ya matope imeondoka, lakini saa za siku zimebaki zile zile. Muuguzi anayetoka zamu ya usiku hawezi kusoma kwa akili timamu, na bando analonunua kwa mshahara wake huisha kabla ya mhadhara. Mtihani ukiangukia siku ya kazi, hatima yake imo mikononi mwa msimamizi wa zamu.

Kwa hiyo mwajiri anayefurahia cheti kipya cha mfanyakazi wake ana wajibu wa kukichangia: siku za mtihani ziwe za ruhusa yenye malipo, zamu zipangwe kwa kuzingatia ratiba ya masomo, na intaneti ya ofisi iwe wazi kwa anayesoma baada ya saa za kazi. Vyuo navyo visiue vituo vya mikoani kwa kisingizio cha kuhamia mtandaoni. Na wewe unayetaka kujiendeleza, kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo na programu unayoiomba vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), kisha nenda kazungumze na bosi wako mapema. Mlango uko wazi tangu enzi za stempu. Tunachodaiwa sasa ni kumpa mfanyakazi muda wa kuupita.