Misa Tatu za Tarehe 2 Novemba na Marehemu wa Songwe



Wapendwa waamini, juma lililopita baada ya Misa ya kigango mama mmoja mzee aliniuliza swali ambalo sikulitegemea. Alitaka kujua kwa nini Siku ya Marehemu Wote padre huweza kuadhimisha Misa tatu, ilhali siku za kawaida hutolea moja. Kijana wa kwaya aliyekuwa karibu alimjibu kwa niaba yangu: ndivyo Roma ilivyoagiza. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Roma iliagiza hivyo mwaka 1915, na kilichoisukuma ni vita. Na vita hivyo vilipita hapa hapa, vikauvuka mto huu wa Songwe ambao sisi tunauvuka kwenda msibani na sokoni bila kuwaza lolote. Nilimwahidi mama yule kwamba nitaandika, na leo natimiza ahadi.

Tumezoea kudhani kwamba historia ya dunia ni mambo ya wengine. Watoto wetu hufundishwa juu ya Sarajevo na Verdun, hukariri majina ya wafalme na miaka ya mikataba, na baada ya mtihani huyasahau, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mambo hayo yaligusa mashamba ya babu zao. Mimi mwenyewe nilisoma hivyo, na nikafaulu hivyo.

Nirudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Kiswahili, Mlozi bin Kazbadema, alijenga ngome zake karibu na Karonga, akinunua pembe za ndovu na watu. Oktoba 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ambao ni ndugu zetu kwa lugha, kwa ng'ombe na kwa migomba. Wengi walikimbilia kwenye matete ya rasi ya maji ya Kambwe, nayo matete yakachomwa moto. Aliyeukimbia moto alikutana na risasi au mkuki, na ndani ya maji walikuwamo mamba. Kutoka Kambwe hadi Songwe ni safari ya chini ya siku mbili kwa miguu.

Mwaka uliofuata, 1888, Brazili ilifuta utumwa, na Baba Mtakatifu Leo XIII akawaandikia maaskofu wa nchi ile barua ya kulaani utumwa popote ulipo. Mwaka huo huo alimtuma Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Shirika la Wamisionari wa Afrika tuwaitao Mapadre Weupe, azunguke Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Kardinali alihutubia Paris, London na Brussels, na watu walilia makanisani. Wakati huohuo hapa kando ya ziwa vita vya Mlozi na kampuni ya Waskoti iliyokuwa Karonga vilikuwa vikiendelea, na kapteni kijana Mwingereza aitwaye Lugard, ambaye baadaye alipata kuwa gavana mkubwa huko Nigeria, alijeruhiwa vibaya alipoongoza shambulio. Mlozi alikamatwa na kunyongwa Desemba 1895.

Huruma ile ya Ulaya ilikuwa ya kweli, sina sababu ya kuikana. Lakini ilisafiri ndani ya jahazi moja na bunduki na ramani. Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba ambao kwa huo Ujerumani ilipata kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini, Uingereza ikapata mkono huru juu ya Zanzibar, na mto Songwe ukawa mpaka. Mnyakyusa akawa wa Mjerumani, Mngonde akawa wa Mwingereza. Mto wenyewe hawakuuliza tabia yake. Nyinyi mnaijua: Songwe huhama. Mvua za masika zikizidi hukata kona na kujichimbia njia mpya, na mtu aliyelala upande mmoja huamka shamba lake likiwa upande wa pili.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo kila nikilitafakari hunisikitisha. Wajerumani walichangishana fedha ili kujenga meli ya kupambana na biashara ya watumwa katika Ziwa Nyasa. Ilipewa jina la Hermann von Wissmann, ikaletwa vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, na pale mto usipopitika vipande vilibebwa mabegani mwa watu. Meli ya kuwaokoa watu na mizigo ya utumwa iliwasili ikiwa mzigo mabegani mwa watu. Na kwa miaka mingi nahodha wake na nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen, walikuwa marafiki waliokaribishana vinywaji kila walipokutana bandarini.

Agosti 1914 urafiki huo ulikwisha. Nahodha Rhoades wa Gwendolen aliletewa habari kwamba mataifa yao yameingia vitani, akaenda hadi Liuli, akaikuta Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, akaipiga mizinga. Mwenzake Berndt hakuwa hata na habari kwamba kuna vita. Waingereza walijisifu kwamba huo ndio ushindi wao wa kwanza majini katika vita vyote, nao ulipatikana katika ziwa letu, dhidi ya meli isiyokuwa majini.

Majuma machache baadaye kikosi cha Wajerumani kilishuka kutoka Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, kikavuka Songwe na kuelekea Karonga. Tarehe 9 Septemba 1914 walipigana pale tangu asubuhi, Wajerumani wakashindwa na kurudi nyuma ya mto. Makaburi ya Waingereza waliokufa siku ile yapo Karonga hadi leo. Lakini askari waliokuwa wengi, pande zote mbili, walikuwa Waafrika. Mchungaji John Chilembwe, kule kusini mwa Nyasaland, aliliona hilo mapema kuliko wengi. Novemba 1914 aliandika barua gazetini akihoji kwa nini Mwafrika amwage damu katika ugomvi usiomhusu, na kwa nini wakati wa amani fadhila ni za Wazungu peke yao. Barua ilizuiliwa. Januari 1915 aliongoza maasi, na mwanzoni mwa Februari aliuawa.

Hata hivyo askari walikuwa sehemu ndogo ya watu walioteketea. Barabara za magari hazikuwapo, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Risasi, unga, mahema, hata viti vya maofisa, vyote vilibebwa na watu. Mwishoni mwa Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka kwa nguvu, akaitwaa Neu Langenburg kwa siku chache tu, kisha akaendelea kupanda kuelekea Njombe na Iringa. Na kila hatua ya jeshi lake ilitegemea safu ya wapagazi iliyorudi nyuma hadi ziwani. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuchukua wanaume wa nchi hii, na Waingereza walipoingia wakawachukua waliobaki. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Kule Dar es Salaam jina la kikosi chao cha Kiingereza liliingia midomoni mwa watu likawa Kariakoo, na leo tunakwenda Kariakoo kununua vitenge bila kukumbuka kwamba tunataja jeshi la wapagazi.

Mzigo ulikuwa kama kilo 25. Mtu wa bonde hili, aliyezoea joto, wali, ndizi na samaki, alipandishwa milimani kwenye baridi kali akiwa na nguo moja, akapewa unga wa mahindi ambao mara nyingi hakupata muda wa kuupika ukaiva. Kuhara damu na vichomi viliua wengi kuliko risasi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake, katika vita vyote vya Afrika Mashariki, walikaribia 100,000. Upande wa Wajerumani hakuna aliyejali kuhesabu. Oktoba 1918 Jenerali von Lettow-Vorbeck alipita tena kaskazini mwa ziwa akikimbilia Rhodesia ya Kaskazini, akiwa na wapagazi wake, na alisalimisha silaha Abercorn, sasa Mbala, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya kengele za amani kulia Ulaya. Miezi hiyohiyo homa iliyoizunguka dunia nzima iliwafuata walionusurika hadi majumbani.

Mzee mmoja wa parokia yetu, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kunisimulia habari za babu yake. Alichukuliwa akiwa anavua, mtumbwi ukabaki ukielea. Mkewe alikataa msiba usiwekwe, akisema hajaona maiti. Akangoja. Watoto wakakua, wakaoa, naye bado kila jioni aliweka sahani moja ya ziada. Alipokufa yeye, ndugu walibishana kama wamlilie mmoja au wawili. Nyinyi mnajua uzito wa jambo hilo katika nchi ambayo msiba ndio kazi isiyoahirishwa, na ambako kaburi hujengwa kando ya nyumba, katikati ya migomba, ili marehemu asiwe mbali. Mtu asiye na kaburi hukaa wapi?

Sasa tufike Roma. Kardinali Giacomo della Chiesa alichaguliwa kuwa Papa tarehe 3 Septemba 1914, siku sita kabla ya mapigano ya Karonga, akachukua jina la Benedikto XV. Katika upapa wake aliwasihi wakubwa waache, na mwaka 1917 aliwaandikia akiviita vita vile mauaji yasiyo na maana. Hawakumsikiliza; kila upande ulimtuhumu kwamba anaupendelea upande wa pili. Lakini lipo jambo moja ambalo hakuhitaji kibali cha mfalme yeyote kulifanya. Hispania na Ureno walikuwa na desturi ya zamani ya Misa tatu Siku ya Marehemu. Agosti 1915, akiona wafu wamezidi idadi ya wanaowaombea, Papa aliitoa ruhusa hiyo kwa Kanisa lote duniani. Misa moja padre huitolea kwa nia anayoichagua, moja kwa ajili ya marehemu waamini wote, na moja kwa nia za Baba Mtakatifu.

Papa huenda hakupata kulisikia jina la Songwe. Wakati ule hata kanisa la Kikatoliki halikuwapo hapa. Walikuwapo ndugu zetu Wamoraviani na Walutheri waliofika mwaka 1891, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 wamisionari wao Wajerumani walikamatwa na kuondolewa, Wakristo wenyeji wakabaki kujiongoza wenyewe. Wapagazi wengi hawakuwa wamebatizwa kabisa. Yupo atakayeuliza kama inafaa kuwaombea. Sala ya Ekaristi ya Nne hutufanya tuwakumbuke pia marehemu ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake, nami sijui watu wanaostahili zaidi maneno hayo kuliko hawa.

Basi mwaka huu, tarehe 2 Novemba, Misa ya alfajiri, ambayo ni ile ya nia ninayoichagua mwenyewe, nitaitolea kwa ajili ya wapagazi wa bonde la Songwe wa pande zote mbili za mto, waliobebeshwa na Wajerumani na waliobebeshwa na Waingereza. Nawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo wapite kwa wazee kabla ya hapo. Mwenye jina la babu au babu mkuu aliyechukuliwa asirudi, alete liandikwe katika kitabu cha marehemu wa parokia. Asiye na jina alete la ukoo. Walio na ndugu Karonga wawapelekee habari; najua wengi mtavuka Jumamosi kwenda mnadani. Kitabu kitakuwa mezani karibu na sanduku la sadaka, na katekista atawasaidia wasioona vizuri kuandika.

 

Paroko wenu