Kutoka "Nguvu" hadi "Huenda": Historia ya Vitenzi vya Umodali na Vielezi Vyake katika Kiingereza na Kiswahili

1.0 Utangulizi

Shahidi anaposema mahakamani, "Lazima alikuwa yeye," mwenye kuandika kumbukumbu kwa Kiingereza hukabiliwa na kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Shahidi hakusema kwamba alimwona mtu huyo. Amesema kwamba, kwa dalili alizo nazo, hamwoni mwingine wa kudhaniwa. Ikiandikwa "it was certainly him", dhana imegeuzwa kuwa ushuhuda. Ikiandikwa "it must have been him", dhana imebaki kuwa dhana. Umbali baina ya kauli hizo mbili umebebwa na kitenzi kisaidizi kimoja na kielezi kimoja, nao waweza kuamua hatima ya mtu.

Wanaisimu huliita jambo hili umodali, yaani namna msemaji anavyoipima kauli yake kwa mizani ya uwezekano, ruhusa au wajibu. F. R. Palmer, John Lyons na Jennifer Coates waliutafiti kwa kina katika Kiingereza, na mwaka 1997 Leo Hoye alitoa kitabu kizima kuhusu uhusiano wa vielezi na vitenzi hivyo. Mhadhara huu unafuata historia ya uhusiano huo, kisha unauweka kando ya Kiswahili, ili ionekane ni wapi lugha hizi mbili zimepita njia moja na ni wapi zimeachana.

2.0 Vitenzi vilivyopoteza uhuru wake

Katika Kiingereza cha Kale, maneno ambayo leo ni "can", "may", "shall" na "will" yalikuwa vitenzi vyenye maana kamili. "Can" kilimaanisha kujua. "May", kuwa na nguvu. "Shall", kuwiwa deni. Na "will", kutaka. Asili ya "must" ni kitenzi kilichotaja zaidi ruhusa kuliko wajibu. Vitenzi hivi, isipokuwa "will", vilikuwa na umbo la wakati uliopita lililokwisha kuchukua maana ya wakati uliopo. Ndiyo sababu hadi leo mwanafunzi hukatazwa kuvitia "s" ya nafsi ya tatu: havikuwa nayo tangu zamani.

Kadiri karne zilivyopita, vitenzi hivi vilipoteza uwezo wa kuchukua yambwa na kutumika bila kitenzi kingine. David Lightfoot, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alidai kwamba mageuzi hayo yalikamilika kwa ghafla katika karne ya 16. Wengine, akiwemo Anthony Warner mwaka 1993, waliona mwendo wa polepole zaidi. Vyovyote iwavyo, matokeo ni mamoja: Kiingereza sanifu kilibaki na nafasi moja tu ya kitenzi cha umodali katika kishazi. Ni katika lahaja fulani tu, kama zile za Uskoti na za kusini mwa Marekani, ambapo husikika "might could".

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kitenzi "-weza" kingali huru: husemwa "kuweza", "ameweza", "nisingeweza", na hata "huenda akaweza". Lakini maana yake imesafiri kama ilivyosafiri ile ya "may". "Anaweza kubeba gunia" hutaja nguvu. "Unaweza kuingia" hutoa ruhusa. "Mvua inaweza kunyesha" hutaja uwezekano. Kadhalika, kiambishi cha wakati ujao "-ta-" kinatokana na kitenzi "-taka", na alama yake ingalipo katika "atakayekuja". Hivyo Mswahili na Mwingereza, bila kuulizana, wote waliujenga wakati ujao kwa neno la utashi.

3.0 Kielezi kama msaidizi wa msaidizi

Kwa kuwa nafasi ya kitenzi cha umodali ni moja, na kitenzi chenyewe kina maana nyingi, Kiingereza kiliutwika mzigo uliobaki kielezi. Sentensi "he may go" ina maana mbili: amepewa ruhusa, au kuna uwezekano aende. Ikiongezwa "well", yaani "he may well go", wazo la ruhusa huondoka, na uwezekano hupanda daraja. Katika "he can hardly go", kielezi kinakaribia kukanusha. Maneno haya yamezoeana kiasi kwamba mgeni wa lugha hawezi kuyatambua kwa kulijua kila neno peke yake.

Mwaka 1970 M. A. K. Halliday alionyesha kwamba kitenzi na kielezi vyenye uzito unaolingana hutiliana nguvu, na katika "perhaps he might come" vinabeba shaka moja. Visipolingana, kila kimoja husimama na hoja yake. Katika "certainly he might come", uhakika haumhusu ajaye, bali unahusu kukubali kwamba uwezekano upo. Lyons naye, mwaka 1977, aliuita ulinganifu huo mwafaka wa umodali.

Kiswahili hutenganisha maana hizo kwa umbo la kitenzi kikuu. "Lazima aende" ni wajibu, kwa sababu kitenzi kimo katika dhamira tegemezi. "Lazima atakuwa amekwenda" ni dhana, kwa sababu kitenzi kimebeba njeo. Neno ni lile lile. Kinachoamua ni mwisho wa kitenzi na viambishi vyake. Vivyo hivyo, "huenda" huvuta "-ka-" katika "huenda akaja", ilhali "labda" hukaa na njeo yoyote. Anayetafsiri "must" kwa "lazima" akadhani kazi imekwisha, ameifanya nusu tu.

4.0 Safari mbili zilizopishana

Vielezi navyo vina historia. "Maybe" ni kishazi kizima cha Kiingereza, "it may be", kilichofupishwa. "Perhaps" ina ndani yake neno la bahati. Kiswahili kilipata "huenda" kutokana na kitenzi cha mwendo, na "pengine" kutokana na neno la mahali. Kutoka Kiarabu kilipokea "yamkini", "lazima", "sharti" na "bila shaka".

Hata hivyo, neno lenye mafunzo zaidi ni "labda". Asili yake ni Kiarabu "lā budda", yaani hapana budi. Maana ya asili imehifadhiwa katika "sina budi", ambapo "budi" ni neno lile lile la Kiarabu. Basi neno moja limezaa jamaa wawili: mmoja asema hakuna njia nyingine, mwingine asema njia zipo nyingi.

Maelezo yanayoelekea kukubalika yamo katika tabia ya dhana yenyewe. Anayesema "lazima amefika" hakumwona aliyefika. Angemwona, angesema "amefika" tu. Neno la ulazima likitumiwa mara nyingi kuficha kutoona, hulegea likawa neno la kubahatisha. Kiingereza kinaonyesha dalili hiyo katika "he must surely have arrived": maneno mawili ya nguvu yamekutana, na msikilizaji anahisi kwamba msemaji anaomba kuungwa mkono. Wakati "must" kilipanda kutoka ruhusa hadi wajibu, "labda" ilishuka kutoka ulazima hadi shaka. Safari hizo mbili zimepishana njiani.

5.0 Mizani ya sheria

Mambo haya si ya darasani tu. Kwa miaka mingi mashahidi wa Tanzania walisema kwa Kiswahili huku mahakama za juu zikiandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na mwelekeo wa tafsiri ukageuka. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, katika kifungu cha 53, inaeleza kwamba "may" hutoa hiari na "shall" hutoa jukumu lisiloepukika.

Mfasiri wa sheria, kwa hiyo, hawezi kutumia "huenda" mahali pa "may", kwani hiari ingegeuka kuwa bahati. Mahali pa "shall" ana chaguo gumu zaidi. "Msajili atatunza daftari" yaweza kusomwa kama amri au kama utabiri; "lazima msajili atunze daftari" haina shaka, lakini ikirudiwa katika kila kifungu huchosha.

6.0 Hitimisho

Historia inaonyesha kwamba maneno ya uwezekano na wajibu hayatulii. Nguvu huwa ruhusa, ruhusa huwa wajibu, na ulazima huwa shaka. Kiingereza huzuia mkanganyiko kwa kuoanisha kitenzi na kielezi. Kiswahili huuzuia kwa kuoanisha neno la umodali na umbo la kitenzi kikuu. Kamusi inayotoa neno kwa neno haitoshi. Kinachohitajika ni kamusi na sarufi zinazoonyesha kila neno pamoja na jirani yake, ili yule shahidi aliyedhani asije akaandikwa kuwa aliona.