Wanamuziki wa Hospitali ya Edirne

Waimbaji watatu na wapigaji saba. Hilo ndilo kundi ambalo msafiri Evliya Çelebi, aliyefika Edirne katikati ya karne ya 17, aliandika kwamba lilikuwa likilipwa na hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili. Hawakuajiriwa kuburudisha wakubwa wala kupamba sherehe. Mara tatu kwa wiki walikuja kuwapigia wagonjwa, na miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo waliochafukwa akili hata wakaletwa wakiwa kwenye minyororo. Palikuwa na udi, nai, fidla, kinubi na ala nyinginezo. Mzee wa Unguja au Mombasa aliyekulia kwenye taarabu ya zamani angezitambua kadhaa bila kuelezwa.

Edirne, ulioko magharibi kabisa mwa Uturuki ya leo, ndio uliokuwa mji mkuu wa Waosmani kabla hawajauteka Istanbul. Bayezid alianza ujenzi kando ya mto Tunca mwaka 1484, ukakamilika 1488: msikiti, chuo cha udaktari, jiko la kulisha watu, na hospitali, vyote vikiendeshwa kwa mapato ya wakfu. Sehemu ya ndani ya hospitali ni ukumbi wa pande sita wenye kuba juu na chemchemi katikati, na vyumba vya wagonjwa vimeuzunguka. Upande mmoja pana kijukwaa kilichoinuka, panapodhaniwa kuwa ndipo wanamuziki walipokaa. Sauti ikitolewa pale hupanda kubani na kushuka pande zote, ikichanganyika na mlio wa maji, na mgonjwa aliyelala chumbani huipata bila kuinuka. Aliyechora ramani ile alijua kwamba mtu aliyefadhaika hawezi kuburutwa hadi kwenye muziki. Muziki ndio umwendee.

Evliya naye alikuwa mwanamuziki, aliyefundishwa katika kasri la Sultani, kwa hiyo alisikiliza kwa sikio la fundi. Ni kweli pia kwamba alipenda kutia chumvi, na wanahistoria humsoma kwa tahadhari. Hata hivyo anayoyaeleza yanashikana: muziki ulikuwa sehemu ya matunzo mazima, pamoja na dawa, maua yenye harufu nzuri, na nyama ya ndege iliyopikwa kwa maelekezo ya tabibu. Tusiipambe hospitali ile kupita kiasi, maana minyororo ilikuwamo humohumo. Lakini penye minyororo palikuwa na kitu kingine cha kujaribu, na kilitengewa fedha.

Fikra hiyo haikuzaliwa Edirne. Katika karne ya 10, kundi la wanazuoni wa Basra waliojiita Ikhwan al-Safa waliandika risala ndefu juu ya elimu mbalimbali, mojawapo ikihusu muziki. Humo wanataja lahani iliyokuwa ikipigwa hospitalini wakati wa alfajiri ili kupunguza maumivu ya wagonjwa. Wanasimulia pia kisa cha mahasimu wawili waliokutana barazani, ulevi ukawapanda, wakataka kuuana. Mwanamuziki aliyekuwapo akabadilisha upigaji wake, akalegeza nyuzi na mwendo, mpaka hasira ikawatoka wakakumbatiana. Ukweli wa kisa si hoja. Kinachonivutia ni kwamba waandishi wale walitazama ufundi wenyewe: kilichofanya kazi ni kubadilisha, hatua kwa hatua, mbele ya mtu aliyekwisha kuwaka. Kwa wapenzi wa taarabu jina hili si geni. Zanzibar kuna Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoundwa mwaka 1905 na ambacho bado kinapiga.

Kutoka Basra na Baghdad, desturi hiyo ilishika njia ya hospitali kubwa za miji ya Kiislamu, ikiwamo ile ya Sultani Qalawun iliyojengwa Cairo kuanzia mwaka 1284. Matabibu wa Kiosmani waliirithi na kuipa kanuni. Walifuata elimu ya tabia nne za mwili, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, wakaandika ni maqam ipi, yaani mpangilio upi wa noti, imfae mgonjwa yupi na kwa saa ipi ya siku. Elimu ya tabia nne imekwisha kufa. Hata hivyo ilibeba jambo moja la maana, kwamba wimbo unaomtuliza huyu unaweza kumchokoza yule, na ni wajibu wa anayetibu kumtazama mgonjwa kwanza.

Ulaya ilipita njia yake. Mwaka 1737 mwimbaji mashuhuri Farinelli aliitwa Madrid kwa ajili ya Mfalme Philip wa Tano, aliyezama katika huzuni kubwa hata akashindwa kutawala. Farinelli aliacha jukwaa moja kwa moja, akamwimbia mfalme usiku baada ya usiku hadi mfalme huyo alipofariki mwaka 1746. Mfalme hakupona, ila alipata nafuu za hapa na pale, na waliomzunguka waliona ni bora kuliko kukosa kabisa.

Karne ya 19 ilileta hospitali kubwa za akili zenye mamia ya vitanda, na muziki ukapewa kazi nyingine. Katika hospitali ya Powick, karibu na Worcester nchini Uingereza, kijana mmoja aliteuliwa mwaka 1879 kuongoza bendi iliyoundwa na wafanyakazi wa hospitali. Alikuwa Edward Elgar, ambaye baadaye angekuwa mtunzi mkubwa wa nchi yake. Alikaa hadi 1884, akitunga polka na kwadrili za wagonjwa kucheza. Dansi ile iliwapa watu waliosahaulika jioni ya kungojea kila wiki, nami siidharau. Lakini ilikuwa muziki wa ukumbi mzima kwa ratiba moja. Mgonjwa aliyekuwa akipiga kelele chumbani, yule ambaye wanamuziki wa Edirne waliletwa kwa ajili yake hasa, hakuwa na nafasi kwenye dansi.

Aliyemrudia mgonjwa huyo alikuwa daktari Ira Altshuler wa hospitali ya Eloise, karibu na Detroit nchini Marekani, katika miaka ya 1930 na 1940. Aligundua kwamba ukimpigia mtu mwenye fujo wimbo wa polepole, mara nyingi haumfikii. Anausikia kama amri nyingine ya kumtaka anyamaze. Akaanza kinyume chake. Muziki wa kwanza ulilingana na hali ya mgonjwa alivyo: wa kasi kama ana kasi, mzito kama ameinamishwa na huzuni. Akishashikwa na mdundo, mwendo unapunguzwa kidogo kidogo, naye anashuka pamoja nao. Watibabu kwa muziki bado wanaitumia kanuni hiyo. Ukiisoma ukiwa umetoka kwenye risala ya Basra, unaona mkono uleule ukilegeza nyuzi.

Kisha mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walianza kutumia klopromazini, na wodi zilizokuwa na makelele zikanyamaza. Dawa hiyo na zilizoifuata zimewatoa watu wengi hospitalini, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka turudi nyuma. Hasara yake ni kwamba sindano huchukua dakika moja, na mtu anayekaa na mgonjwa kwa nusu saa akiwa na ala ya muziki akaanza kuonekana anasa.

Mwaka 2017 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulitoa mapitio ya tafiti 18 zilizohusisha wagonjwa 1,215 wenye skizofrenia na maradhi yanayokaribiana nayo. Tiba ya muziki ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, si badala yake, ilionekana kuboresha hali ya akili, uwezo wa kushirikiana na watu, na maisha kwa jumla. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali. Yalitegemea ubora wa tiba yenyewe na idadi ya vipindi ambavyo mgonjwa alipata, na idadi ya vipindi huamuliwa na hospitali inapopanga bajeti ya mishahara.