Hekalu la Kaiyuan, Quanzhou

Hekalu hili la Kibuddha lilianzishwa mwaka 686, enzi ya nasaba ya Tang nchini China. Unapoingia ukumbi mkuu, ruka kizingiti, usikikanyage. Kisha inua macho. Juu ya nguzo wamechongwa viumbe 24 wenye mabawa na viwiliwili vya binadamu, wengine wameshika ala za muziki, na wote wanasaidia kubeba boriti za paa. Ni kazi ya kuangaliwa taratibu.

Zunguka nyuma ya ukumbi. Nguzo mbili za mawe zina michoro ya Krishna: zilitoka katika hekalu la Kihindu la enzi ya Yuan, wakati Watamil, Waarabu na Waajemi walipofanya biashara katika bandari ya Quanzhou. Watawa wa hapa huzipita kila siku.

Minara miwili ya mawe ni ya karne ya 13. Wa mashariki una urefu wa mita 48 hivi, na yote miwili ilistahimili tetemeko kubwa la 1604. Kwenye mnara wa magharibi mtafute nyani mwenye upanga, ambaye wengi humhusisha na Sun Wukong, nyani shujaa wa hadithi za Kichina.

Msikiti wa Qingjing, uliojengwa mwaka 1009, unafikika kwa miguu kutoka hapa.