haidromita ya pombe kali

haidromita nm [i-/zi-] Ala inayoelea, itumikayo kupimia uzito wa kimiminiko ukilinganishwa na wa maji ya ujazo uleule.

Maelezo. Haidromita ya kale ya pombe kali ni boya dogo la shaba lenye kijiti cha alama. Alkoholi ni nyepesi kuliko maji. Kwa hiyo kadiri pombe ilivyo kali, ndivyo boya lizamavyo zaidi. Joto hupunguza uzito wa kimiminiko na kufanya pombe ionekane kali kuliko ilivyo, hivyo ala iliambatana na kipimajoto na majedwali. Mashuhuri ni haidromita ya Bartholomew Sikes, iliyoidhinishwa na sheria ya Uingereza mwaka 1816 kwa ajili ya ushuru.

Tembo na gongo. Huko Mabawa, Tanga, kama kwingineko pwani, ukali wa tembo la mnazi hupimwa kwa ulimi na kwa saa: lililogemwa sasa hivi ni tamu, lililolala ni kali. Methali *Mgema akisifiwa tembo hulitia maji* yaonyesha kuwa hila ya kuzimua ni ya zamani. Hata hivyo, haidromita ya Sikes isingemfichua mgema huyo, kwa sababu sukari iliyomo katika tembo huliinua boya. Ala hiyo hufaa kwa pombe ya kukeneka, mathalani gongo, ambayo ni marufuku kisheria.

Upatanisho. *Tembo* (pombe) huchukua li-: *tembo hili limechacha*. *Tembo* (ndovu) huchukua a-/wa-: *tembo huyu amezeeka*.

Tahadhari kwa wafasiri.
1. *Prufu* ni daraja la ukali, si "ushahidi" wala "uthibitisho".
2. Prufu si asilimia. Prufu 100 ya Uingereza ilikuwa takribani asilimia 57 ya ujazo, ilhali ya Marekani ni asilimia 50. Hivyo chupa ya asilimia 40 ilikuwa prufu 70 kwa Mwingereza, na ni 80 kwa Mmarekani. Anayeandika "asilimia 70" mahali pa "prufu 70" humpotosha msomaji, na katika maandishi ya afya au ushuru kosa hilo lina madhara.
3. *Kipima ulevi* cha askari wa barabarani hupima pumzi ya mnywaji. Haidromita hupima kinywaji.

Mfano. *Karani wa forodha alilitumbukiza boya, akasoma kijiti, kisha akatazama jedwali.*

Taz. pia: kipimajoto, kileo, mgema, zimua.