Kitabu cha Kwanza cha Maajabu, na Uzi Unaopita Ubwari

Kusadikika, hadithi ya marehemu Shaaban Robert iliyotolewa chapa mwaka 1951, mwaka huu wa 2026 inatimiza umri wa miaka 75, na maadhimisho ya namna hiyo aghalabu huleta sifa nyingi kuliko mazingatio. Sina nia ya kumpunguzia mtunzi wake heshima yake. Lakini kwa kuwa ndicho kitabu kitajwacho mbele ya vingine kila kijana anapoomba shauri juu ya pa kuanzia katika hadithi za maajabu, zile za majini na nchi zisizo katika ramani, pamoja na ndugu zao wadogo, hadithi za kubuni za kisayansi, zenye vyombo viendavyo angani na elimu ambayo wanadamu hawajaipata bado, naona kwamba shauri hilo hutolewa kwa mazoea tu, na kwamba msomaji wa Fizi au wa Baraka, magharibi ya ziwa Tanganyika, anastahili shauri lililo karibu zaidi na mlango wake.

Ukaribu huo si wa maneno matupu. Hadithi za maajabu na hadithi za kisayansi, zote mbili, zina uzi unaopita katika rasi ya Ubwari katika ziwa hilo, na aliyeushika uzi huo ni Mwingereza Richard Burton, ambaye kitabu chake cha safari, kilichotoka London mwaka 1860, ndicho nilichokitegemea kuliko vingine katika makala haya, ijapokuwa mwenyewe alikuwa mtu wa kiburi na ulimi mkali, na mengi aliyoyaandika juu ya wenyeji wa nchi hizi hayasomeki leo bila ya kukunja uso.

Burton aliwasili Ujiji mwezi wa Februari mwaka 1858 pamoja na mwenzake John Hanning Speke, mmoja miguu haimchukui na mwingine macho hayaoni vema, na mwezi wa Aprili wakapata mitumbwi kwa Kannena, jumbe wa Ujiji, wakalipanda ziwa kuelekea kaskazini. Njiani walivuka hata Ubwari, ambayo Burton aliiandika kuwa ni kisiwa. Kosa hilo likakaa katika ramani mpaka wasafiri waliokuja nyuma yake walipobaini kuwa ni rasi iliyoshikana na bara, na ghuba iliyo baina ya rasi hiyo na Baraka ikapewa, kwa kejeli ya historia, jina la yule yule aliyekosea. Kutoka hapo walifika Uvira, ambako wana watatu wa Sultani Maruta waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Burton alivunjika moyo, maana alitumaini kuwa mto huo ndio chimbuko la Nile. Neno la vijana wale lilikuwa sahihi, na lilitolewa bure na watu wanaoujua mto wao.

Kabla ya kulifikia ziwa, na tena katika kurejea, wageni hao walikaa Kazeh, mahali pa Tabora ya leo, wakikirimiwa na Sheikh Snay bin Amir wa ukoo wa Harthi, tajiri mwenye asili ya Omani, ambaye Burton, mtu asiyemwaga sifa ovyo, anamsifu kwa wingi wa kusoma, kwa hifadhi yake ya ajabu na kwa ukarimu usiohesabu gharama. Nataka msomaji amweke moyoni Sheikh huyu, mwenye kusoma vitabu katikati ya Unyamwezi mwaka 1858, kwa sababu katika riwaya ninayokwenda kuitaja nafasi yake imechukuliwa na watu wa namna nyingine kabisa.

Riwaya hiyo ni ya Mfaransa Jules Verne, nayo ni Cinq semaines en ballon, yaani majuma matano katika puto, iliyotoka Paris mwanzoni mwa mwaka 1863, ya kwanza kutolewa na mtu ambaye baadaye alihesabiwa miongoni mwa mababa wa hadithi za kisayansi. Verne hakuzikanyaga nchi zetu. Alikaa kwao akasoma habari za Burton na Speke na wasafiri wengineo, kisha akaingiza katika habari hizo kitu kimoja cha kubuni, nacho ni puto la haidrojeni lililofungiwa mtambo wa kuipasha gesi moto, hata likaweza kupanda na kushuka bila ya kupoteza gesi wala kutupa uzito. Ndani yake akawapakia Daktari Samuel Fergusson, rafiki yake Dick Kennedy mpenda kuwinda, na mtumishi wao Joe, wakaondoka Unguja mwezi wa Aprili 1862. Na hata kuondoka kwenyewe kulikuwa na taabu, kwa kuwa Verne anasimulia kwamba watu wa Unguja walighadhibika wakidhani wageni wale wamekusudia kulidhuru jua na mwezi, hata puto likabidi kutayarishwa mbali kidogo, katika kisiwa cha Kumbeni.

Mwezi huo huo, baada ya kuwatia Waunguja wazimu, unawangojea pia watu wa Kazeh. Puto linapoonekana juu ya mji, soko lote linatawanyika kwa hofu. Waganga wanajitokeza na kutangaza kwamba mwezi wenyewe umeshuka duniani na kuwaleta wanawe watatu. Na Daktari Fergusson, badala ya kukanusha, anaupokea utukufu huo kwa furaha, anashuka, anapelekwa kwa shangwe mpaka katika nyumba ya sultani, ambaye yumo kitandani hajitambui, wala maradhi yake si mengine ila ulevi wa miaka mingi. Daktari anamzindua kwa dawa kidogo, nje umati unapiga kelele, na Joe anachezeshwa ngoma na kuabudiwa. Hapo ndipo mwezi wa kweli unapochomoza upande wa mashariki, mwekundu na mviringo. Miezi miwili katika mbingu moja! Uwongo unadhihirika, makelele ya shangwe yanageuka kuwa ya hasira, wageni wanakimbilia kamba, na mganga mmoja aliyepanda mtini ili akamate nanga anachukuliwa na puto juu kwa juu, ananing'inia angani, mpaka wanapomshusha mbali na mji akatimua mbio.

Nakiri kwamba sura hiyo inachekesha, na kijana akiisoma kwa Kifaransa darasani atacheka pamoja na wenzake. Lakini aisome karibu na ziwa. Wavuvi wa ndagala wa Ubwari, kama wa Ujiji na Kigoma, huvua kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali huziweka kando nyavu zao, kwa sababu samaki hawaifuati taa panapokuwa na nuru nyingine. Kwa hiyo chakula cha nyumba na deni la dukani hukwenda kwa hesabu ya mwezi. Waislamu wa Kazeh nao walifunga na kufungua kwa mwandamo. Kuwadhania watu wa namna hiyo kwamba hawajui mwezi huchomoza saa ngapi, au kwamba wataukosea kwa mfuko wa hariri, ni kuonyesha ujinga ulio kwa mwandishi na kuwabandika wengine.

Wala Verne si peke yake. H. Rider Haggard, katika hadithi yake ya mwaka 1885 ambayo Frederick Johnson aliifasiri na kutolewa mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, anawaleta Wazungu watatu wanaojidai kuwa wametoka katika nyota, na wanaowatisha wenyeji kwa kupatwa kwa jua walikokwisha kukusoma katika kalenda. Kumbe mtunzi mwenyewe alikuwa amekuweka kupatwa huko siku inayofuata usiku wa mwezi mpevu, jambo lisilowezekana katika falaki yo yote, maana jua halipatwi ila mwezi unapokuwa mchanga; na katika chapa za baadaye ilibidi abadili, jua akaliacha, akaupatwisha mwezi. Mvuvi wa ndagala angemsahihisha kabla ya kitabu kwenda mtamboni.

Ugomvi wa Burton na Speke juu ya chimbuko la Nile unajulikana, nami sitaurefusha: Speke aliliona ziwa kubwa la kaskazini tarehe 3 Agosti 1858 akasema ndilo, Burton akakataa, na walipopangiwa kujadiliana hadharani mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, Speke alifariki siku moja kabla kwa bunduki yake mwenyewe akiwa windoni. La kutazamwa hapa ni kwamba puto la Verne lilikwisha kuchagua upande. Kutoka Kazeh lilielekea ziwa hilo la kaskazini, ambalo Verne analiita Ukerewe, likaufuata mto, na Fergusson akashuka katika kisiwa kilicho karibu na Gondokoro kwa ajili ya kutafuta herufi mbili zilizochorwa mwambani na msafiri Andrea Debono, akaziona, na hoja ikaisha. Kwa njia hiyo Tanganyika iliachwa kando, na Ubwari, ambayo wasafiri waliompa Verne malighafi yake walilala pwani yake, haikuonekana hata kwa mbali kutoka angani.

Uzi wa pili ni mzuri zaidi. Burton huyo huyo, alipozeeka, alizifasiri kwa Kiingereza hadithi za Alfu Lela Ulela, akazitoa kwa majuzuu 16 kati ya mwaka 1885 na 1888. Waswahili hawakumngojea Burton ili wazijue hadithi hizo, kwa maana zilisimuliwa pwani tangu zamani, na Johnson akasimamia kutolewa kwake kwa Kiswahili mwaka 1929. Mojawapo ni ile ya Abdallah bin Fadhil na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa, na ndiyo aliyoichukua Shaaban Robert, akaivua mavazi ya Baghdadi, akawageuza mbwa kuwa manyani, akaitoa mwaka 1952 kwa jina la Adili na Nduguze.

Hicho, kwa rai yangu, ndicho kitabu cha kwanza. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa liwali Adili kudai kodi, na usiku Ikibali anamchungulia mwenyeji wake, mtu mpole asiye na mfano, akiwapiga manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalisha na kuwabembeleza. Nani atakifunga kitabu hapo? Katika Kusadikika, kinyume chake, msomaji anakutana kwanza na baraza, mashtaka na hotuba. Karama anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kila upande, hata juu mbinguni na chini ardhini, nao wote waliporudi wakalipwa kifungo. Na nchi yenyewe, iliyo angani, ni ya maajabu kuliko matukio yake. Mtu aliyekwisha kuona dhuluma ya wakubwa atakipenda sana, na wilayani Fizi hawakosi watu wa sifa hiyo, lakini kijana wa miaka 13 atachoka katika kurasa za mwanzo na kuhukumu kwamba maajabu ni somo la shuleni.

Baada ya Adili na Nduguze, Safari za Gulliver inatosha kwa kicheko. Kisha Walenisi ya marehemu Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo Dzombo anahukumiwa kufa, anafungiwa ndani ya chombo cha kurushwa angani, naye anafika katika nchi inayotawaliwa kwa haki. Chombo chenyewe hakipaswi kuwa kigeni kwetu, kwa kuwa kusini ya Fizi, katika jimbo lililoitwa Shaba wakati huo, kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilirusha roketi tangu Mei 1977, na tarehe 5 Juni 1978 moja ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Nagona ya Kezilahabi na Bina-Adamu! ya Wamitila ni za waliokomaa.

Ambalo linaudhi ni kwamba vitabu hivi vipo ng'ambo tu, mwendo wa boti kutoka Baraka. Maelfu ya watu wa Fizi waliokaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na waliorejea kwa meli kutoka Kigoma baada ya mwaka 2005, wanakisoma Kiswahili cha vitabu bila taabu; na boti hizo hizo zinazovusha sabuni na vitenge hazishindwi kuvusha kasha moja la Adili na Nduguze, lau shule zingeagiza. Verne, ambaye yumo katika Kifaransa cha darasani, apewe nafasi yake baadaye, na mwalimu aisomeshe sura ya Kazeh pamoja na kurasa za Burton juu ya Sheikh Snay.