Mkanda wa jeshi

Jina limepatia umbo, ila huu ni mkanda usiofungika. Malengelenge hufuata mshipa mmoja wa fahamu, upande mmoja tu wa mwili, yakaishia katikati ya kifua na mgongo. Kirusi ni kilekile cha tetekuwanga, kilichojificha kwenye neva tangu utotoni. Tangu enzi za UKIMWI jina hili limebeba minong'ono, na hapo ndipo linapodhuru. Mzee wa Enguserosambu, Ngorongoro, anayeufunika kwa lubega asisemwe kuwa ana VVU; huenda ana saratani sugu ya damu, inayoharibu chembe nyeupe na kudhoofisha kinga polepole. Akifika hospitali ya Wasso apimwe picha kamili ya damu, si VVU pekee. Maumivu yenyewe huweza kuchoma miezi kadhaa baada ya ngozi kupona.